Bisibisi ya Kukamulia

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa, saa nne asubuhi, jua limejaa sebuleni kwa dada yangu. Yeye alikuwa jikoni anaosha vyombo. Mimi na mumewe tulikuwa tumeinamia meza ya chakula, tunajenga amplifaya. Dada alishaikatia tamaa meza ile. Ilikuwa na madoa ya lehemu kila pembe, na wageni wakija walikula wamepakata sahani.

Shemeji alikuwa mwalimu wa hesabu, lakini kwa muziki alikuwa mgonjwa, tena yule mgonjwa asiyetaka kupona. Redio za dukani aliziita makopo. Yeye alitaka valvu, zile taa za kioo za redio za kizamani. "Shem, muziki ni kama chai," alikuwa akiniambia. "Bila moto ni maji tu." Yeye alisoma vitabu, mimi fundi redio nikashika pasi ya kulehemu, na jioni tukacheka mpaka dada akatutishia mwiko.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Valvu hutaka umeme mkubwa, volti mia nne na zaidi. Na ndani ya amplifaya mna kapasita, vikopo vya bati vinavyohifadhi umeme kama mtungi unavyohifadhi maji. Unaweza ukazima, ukachomoa plagi, ukaenda kuoga ukarudi, na umeme bado umo humo, unakungoja. Kwa hiyo tulikuwa na bisibisi ndefu ya mpini mwekundu, imefungwa waya. Unaigusisha kwenye kapasita, inatoa cheche, pa! Basi, umekwisha. Tuliita kukamua.

Na tulikuwa na sheria. Mkono hauingii ndani mpaka mmoja aulize, "Umekamua?" na mwenzake ajibu, "Nimekamua." Sheria hiyo niliitunga mimi. Mimi mwenyewe!

Siku ile nilikuwa katikati ya kichekesho. Nilikuwa nimechomoa plagi punde tu. Shemeji akauliza, huku ameshaanza kucheka, "Umekamua?" Bisibisi ilikuwa upande wa pili wa meza. Nikaona uvivu kunyoosha mkono.

"Nimekamua," nikasema.

Alikuwa bado anacheka alipoingiza mkono.

Dada alitoka jikoni mbio, mikono ina povu, akapiga magoti kando ya mumewe, anamwita, anamtikisa. Shemeji hakuitika. Na mimi, Mungu anisamehe, kabla majirani hawajaingia, nilinyoosha ule mkono wangu mvivu, nikachukua bisibisi, nikakamua umeme uliobaki. Kisha nikasema, mbele ya watu, "Nilimwambia akamue. Akasema hakuna haja."

Marehemu hajitetei. Watu wakatikisa vichwa, wakasema watu wa vitabu ndivyo walivyo. Dada akaamini. Mwaka mzima hakwenda makaburini hata mara moja. "Mtu aliyeniacha mjane kwa uvivu wa mkono," alisema, "nimfuate nikamwambie nini?" Nilikuwa nakunywa chai. Nikaimaliza.

Mwaka ulipotimia akaniita. "Mdogo wangu, dude hilo limalize au litoe. Limenichosha kulitazama." Nikalimalizia palepale mezani. Lilitoa sauti nzuri, wallahi, mpaka dada akaketi chini. Halafu nikazima. Valvu zikafifia. Chumba kikanyamaza.

Spika ikanong'ona, "Umekamua?"

Nikajiambia ni bati linapoa. Fundi wa miaka ishirini, najidanganya kama mtoto mdogo! Nikaaga upesi. Sikukanyaga kwa dada wiki mbili.

Alinipigia yeye. Sauti yake ilikuwa chini sana.

"Mdogo wangu, kila nikizima, linaniuliza kitu."

"Linauliza nini?"

"Njoo usikie mwenyewe."

Nilifika saa tisa mchana. Mlango ulikuwa wazi. Dada alikuwa amelilaza dude ubavu pale mezani, tumbo liko wazi, kitambaa mkononi. Anafuta vumbi. Plagi ilikuwa sakafuni, imechomolewa.

"Tangu jana sijaliwasha," akasema bila kugeuka. "Na bado linauliza."

Spika ikanong'ona, "Umekamua?"

Ilikuwa sauti ya shemeji. Ilikuwa na kicheko ndani yake.

Dada hakushtuka. Alishaizoea. "Mjibu basi," akasema. "Ninyi ndio mliokuwa na mambo hayo." Na mkono wake ukaingia na kitambaa.

Jibu lilikuwa limekaa tayari ulimini. Neno moja tu. Lile lile nililomjibu shemeji.

"Sijakamua!" nikapiga kelele. "Dada, toa mkono! Sijakamua! Na siku ile pia sikukamua! Aliniuliza, nikamdanganya!"

Mkono ulisimama. Ulikuwa umebakiza upana wa kidole. Akautoa polepole, akautazama, kisha akanitazama mimi. Nilichukua mita ya volti, nikapima. Mshale ukapanda mpaka mia nne.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alivaa viatu, akatoka, akaelekea njia ya makaburini. Alirudi magharibi, magoti yana udongo, akaniambia nilichukue dude langu.

Nimelifumua lote. Valvu nimezitoa, waya wa umeme nimeukata, kapasita nimezing'oa, ziko peke yake mezani kwenye karakana yangu. Kila asubuhi nazipima: mia nne. Nakamua, pa! Kesho yake zimejaa. Nimewauliza mafundi wenzangu; wananiambia nipumzike.

Dada huja kila Jumamosi, saa nne. Hasalimii. Husimama mlangoni, akauliza, "Umekamua?"

"Nimekamua, dada."

Haniamini. Huchukua mita akapima mwenyewe, na ana haki.

Jumamosi iliyopita alipima. Sifuri. Akaiweka mita mezani, akaziachia nyaya zake, moja huku, nyingine kule, hazigusi kitu. Akainua mkono azisogeze kapasita apate pa kuweka mkoba. Tangu ajue ukweli, hakuwahi kuweka mkoba kwangu.

Nyuma ya mkono wake, mshale wa mita ukaanza kupanda. Mia. Mia mbili.

"Dada, subiri," nikamwambia. "Bado."

Bisibisi ilikuwa upande wa pili wa meza. Nikanyoosha mkono.