Sahani ya Kumi na Moja

Sahani ya kumi na moja ilijibu.

Mke wa mchoma tanuri alikuwa akizigonga sahani za kauri za kupaka vioo kwa kifundo cha kidole, ndiyo kazi yake kiwandani: nzima hulia ting, yenye ufa hulia kama kikopo. Hii ilisema, "Mama watoto." Ilikuwa sauti ya mumewe, na mumewe alikuwa nyumbani, bubu tangu juzi.

Juzi hiyo meneja, bwana mwenye haraka kuliko akili, alitaka tanuri lifunguliwe kabla halijapoa. Wachomaji wa pale hawafungui tanuri bila kubisha hodi na kungoja kidogo. Mume, akisukumwa mgongoni, hakubisha. Ikatoka harufu ya nywele zinazoungua, wakati mle mlikuwa na kauri tupu, naye akafumba mdomo asiseme tena.

Mke alikimbilia kwa mganga, naye akamnong'oneza, "Mmeingia kwa jini bila hodi. Ameichukua sauti ya mumeo, akajifungia nayo kwenye hiyo sahani. Niletee ikiwa nzima, nitamtoa."

Alirudi kiwandani mbio. Sahani ilishafungwa ndani ya mashine isiyo na hewa, ambamo hupigwa kwa umeme ikamomonyoka chembe kwa chembe na kutanda juu ya vioo, utando mwembamba usioonekana kwa macho.

"Bosi, nakuomba, izime. Mume wangu yumo humo."

"Mumeo yuko likizo ya ugonjwa, dada. Mteja anasubiri vioo."

Akabaki amesimama akisikiliza mashine ikinguruma, na ndani ya mngurumo huo, mle msimokuwa na hewa ya kubeba hata kikohozi, mtu akilia, kwanza kwa kwikwi, kisha akimwita yeye, kisha akiwaita watoto mmoja mmoja, sauti ikififia, ikififia, hadi sahani ikaisha.

Mganga alipomfuata kiwandani pamoja na mumewe, alikuta vioo mia nne vimeshapakiwa kwenye lori.

"Jini wa mahali pamoja namtoa," alisema. "Huyu mmemtawanya wenyewe."

Meneja alisifu vioo kwa kung'aa. Lori likaondoka, na vyote mia nne vikaita kwa pamoja, "Mama watoto!" Watu barabarani wakageuka kumtafuta mwenye sauti. Kando ya mkewe, mume alijiziba mdomo kwa mikono miwili, maana midomo yake ilikuwa ikitamka pamoja nao.