Namjua Mteja Huyu

Kiti cha wageni kilikuwa kimelowa. Gaëlle alikipangusa kwa karatasi, na karatasi ikatoka na tope la kijani, kama la shimo la mgodi. Asubuhi hiyo hakuna mteja aliyekuwa ameingia.

Kazi yake katika ofisi ya wakili Maître Ruphin ilikuwa kuwachuja wateja. Kila jina alilitafuta kwanza katika orodha za watu waliowekewa vikwazo vya fedha. Hata jina likikosekana humo, mtu wa ofisi alipaswa kuthibitisha kwamba amekutana na mteja ana kwa ana. Bila hivyo mawakili wenzao wa Ubelgiji hawakugusa faili.

Alifungua kompyuta. Faili la Mwenze, mwenye kampuni ya kobalti, lilikuwa limeshapitishwa. Hakuna orodha iliyomtaja. Hapakuwa na picha wala tarehe ya kuzaliwa. Chini kulikuwa na maneno: Nimemwona kwa macho yangu, namjua. Gaëlle.

Hakuwahi kumwona. Neno lake la siri la kompyuta lilijulikana na mtu mwingine mmoja tu, Maître Ruphin mwenyewe, aliyemsimamia siku ya ubatizo. Aliliomba, naye akampa; nani humnyima parrain wake?

Nyuma yake kiti cha wageni kikatoa mlio, kama kinavyolia mtu mzito akikikalia.

Hakugeuka. Alitembea hadi chumba cha Maître, na harufu ya udongo wa chini ikamfuata.

"Parrain, Mwenze njo nani?"

Ruphin aliinuka akafunga mlango. "Sema chini-chini."

"Harufu yake iko mu bureau yangu."

"Basi anaisha kukufuata, iko na weye sasa." Akakaa tena. "Mwanzo nilimusainia miye. Machine haimuone sababu hakuzaliwa na muntu. Kesho yake bibi yangu wa ndoa anafungua mulango, ananiuliza kama mugeni: papa, unatafuta nani? Ndoa yetu iko mukubwa kupita weye, Gaëlle! Ukisema unamujua ule, bantu yako banaacha kukujua."

"Na sasa?"

"Jana bibi alinipikia bukari, aliniita na jina yangu."

"Sababu uliandika jina yangu."

Hakukana. "Na weye andika ya mwingine. Michée wa réception iko peke yake, hana hata mutoto. Nani atamulilia?"

Alisema kwa sauti ileile aliyokuwa akimuulizia habari za masomo utotoni.

Gaëlle alirudi mezani. Kutoka mapokezi alimsikia Michée akimtania muuza karanga, "Mama, hizi umezihesabu kama dawa?" na wote wawili wakacheka. Aliweka kidole juu ya herufi M. Kisha akakiondoa, akafuta jina lake mwenyewe, akaacha pengo bila kuandika la mtu mwingine.

Harufu ikakatika. Hilo ndilo lililomtoa mbio, kwa maana kitu kilichoondoka kimekwenda mahali, na alipokuwa ndani ya teksi kuelekea nyumbani kwao Bel-Air, katika jua kali la mchana, akimpigia mama yake simu isiyopokelewa, akamwomba dereva aongeze mwendo, akapiga tena, akaanza kuita kwa sauti jina la Chance, mtoto wake wa kunyonya, kana kwamba mtoto angemsikia kupita barabara zote zile, alijua ni mahali gani.

Mama yake, Mama Adolphine, alifungua mlango akiwa na kanga ya kubebea mtoto begani, akamsalimia kama mgeni.

"Bonjour, maman. Unatafuta nani?"

"Mama, njo miye."

"Miye nani?" Alimtabasamia kwa adabu, kisha akageuza kichwa kuelekea ndani. "Gaëlle! Kuya uone. Iko mwanamuke huku analia. Unamujua?"

Ndani, mtoto aliyekuwa akilia alinyamaza, akaanza kunyonya.

"Hapana, mama," sauti ya Gaëlle mwenyewe ikajibu kutoka chumbani, na harufu ya udongo wa chini ikaja nayo. "Simujue. Funga mulango, mutoto anaanza kulala."