Kadi za Hariri za Hettie Trembath

Naanza na kosa langu, Mungu ananiona: nikiwa karani wa posta, niligonga muhuri kadi nilizojua zimeandikwa na mwanamke jikoni, si na mwanajeshi vitani.

Mwanamke huyo ni Hettie Trembath. Mumewe, Garfield, alikuwa Ufaransa, na katika mji wetu wa machimbo ya shaba, huku Australia, telegramu ya kifo haikuletwa na tarishi, aliileta mchungaji. Mwaka ule wa 1917, akionekana tu anakatiza mtaa mchana, kila mke aliomba apite. Kwa Hettie hakupita.

"Mchungaji, Ivy asijue," Hettie alimsihi. "Ana miaka saba. Mtoto huyu anaishi kwa kadi za baba yake."

Garfield alikuwa amewatumia kadi tupu za hariri zilizotariziwa maua. Hettie akaziandika, akiigiza mwandiko wa mumewe. Ivy alijibu kila moja, na swali lake halikubadilika: Baba, unakuja lini? Mama akashindwa. Kwa huruma ya kijinga akawa anamsogeza maiti nyumbani kidogo kidogo. Nimepanda meli. Kisha: Nimefika bandari ya Adelaide.

Kadi iliyofuata hakuiandika yeye. Aliikuta mezani kando ya andazi la nyama, ina tope bichi, na mji haukuwa umeona mvua tangu Pasaka. Ilisema: Kesho saa tisa, langoni.

"Nani kaileta hii?"

"Mwenyewe," Ivy alijibu, akitafuna. "Mama nawe! Mbona unatetemeka kama kuku aliyeona kisu?"

Hettie alikimbilia kwa mchungaji.

"Umeliazima pepo jina la marehemu," mchungaji alinong'ona. "Mwambie mtoto ukweli kabla haijafika saa tisa."

Lakini usiku ule Hettie alimlaza mtoto bila kumwambia, na kesho yake kutwa nzima jiko lilinuka sufu iliyolowa na nyama iliyooza, na buti zikawa zinazunguka nyumba, zikinyonywa na tope ambalo halikuwepo, zikisimama penye kila dirisha, hata saa tisa kasorobo Hettie akapiga magoti mbele ya mwanawe.

"Baba yako alikufa, mwanangu. Kadi niliandika mimi."

"Najua," Ivy alisema taratibu. "Huyu si baba. Ila alikuwepo baba alipokufa. Anasema baba alilia sana. Anasema asingeijua njia ya kwetu, mama, ila wewe ulimwandikia."

Lango likalia. Ivy akachomoka. Hettie alimdaka mkono wa gauni, ukachanika, ukabaki kiganjani. Nje palikuwa na nyayo za tope, kubwa na ndogo, mpaka katikati ya barabara kavu. Hapo zikaishia.

Sasa kila Ijumaa Hettie hupata kadi yenye tope, kwa mwandiko wa mtoto. Hathubutu kuisoma, hukaa langoni akimwomba kila mpita njia amsomee. Mimi nilimsomea moja, na maneno yake siyarudii.

Ukipita pale, akakuinulia kadi, tafadhali, mwambie hujui kusoma.