Sauti ya Bwana Jivu

Bakiri wa Tanga alikuwa jirani yetu pale Hillbrow, mtaa wa wahamiaji kusini mwa Afrika, ghorofa ya sita, mlango unaotazamana na lifti iliyokufa zamani. Alikuwa mtu wa maneno, na maneno ndiyo yaliyomlisha. Kazi yake ilikuwa kuingiza sauti kwenye muvi. Umletee Mkorea au Mhindi, yeye anakaa na kipaza sauti, na ikifika jioni Mkorea huyo anatukana kwa Kiswahili cha Ngamiani, mtaani kwao Tanga. Aliigiza bibi, polisi, mtoto mchanga na mbwa, yote peke yake. Watanzania, Wakongo na Warundi wa Joubert Park walinunua flashi dukani kwa Évariste kwa ajili ya koo lile. Mkewe, Bushra, alizoea kusema kuwa hakuolewa na mume, aliolewa na mtaa mzima.

Kulikuwa na sauti moja tu ambayo Bakiri hakuiigiza kwa kuchekesha. Ilikuwa ya mdogo wake, Adamu.

Adamu alikufa majira ya baridi ya 2017. Aliwasha jiko la makaa chumbani, akafunga dirisha, akalala, hakuamka. Walimswalia kwenye msikiti wa Mayfair na kumzika hukuhuku ugenini. Mama yao alikuwa Tanga, macho yameingia ukungu na moyo unadunda vibaya, na ndugu wakashauriana kama watu wetu wanavyoshauriana: asiambiwe sasa, ataambiwa akipata nafuu. Mama hakupata nafuu, na ukweli ukakosa siku yake. Kila Ijumaa alipopiga simu kumwulizia Adamu, Bakiri alikohoa kidogo, akaipitisha sauti puani, akaitika vile Adamu alivyoitika tangu utotoni.

"Labeka, mama."

Bakiri mwenyewe huitika "Naam". Mama aliwajua wanawe kwa hayo, maana masikio ndiyo aliyobaki nayo. Na masikio hayo ndiyo yaliyokuwa yakidanganywa.

"Maiti haitikiwi kwa niaba," Bushra alimwambia.

"Nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu," alijibu. "Niache tu nipate maneno." Na huyo ni mtu aliyekuwa akimpa maneno hadi mbwa.

Mwanzo wa 2019, Évariste, Mkongo wa Bukavu, alimletea tamthilia ya Kijapani. Ilikuwa ya waigizaji, si katuni, mashujaa wa mavazi ya chuma na mazimwi ya mpira.

"Hii haiko ya batoto," Évariste alisema. "Iko giza sana. Lakini haina maandishi ya chini, utatunga we mwenyewe. Batu bataipenda."

Shujaa wake alikuwa mtu aliyeungua katika moto wa kiwanda, kisha akarudi ndani ya vazi la rangi ya jivu, na usoni kinyago kisicho na mdomo. Alipigana na mazimwi mvua ikimnyeshea. Aliowaokoa walimkimbia. Kila sehemu iliisha amesimama mbele ya nyumba ileile, mwanamke mzee yuko dirishani, naye habishi hodi. Tangu mwanzo hadi mwisho hakusema neno.

Hapo Bakiri alikosea, na ni kosa la watu wa kazi yake tu. Mwingiza sauti haachi ukimya. Mnunuzi akikuta kimya ataleta flashi na kusema imeharibika. Basi Bakiri akampa shujaa jina, Bwana Jivu, akatafuta sauti ya kumvisha, na iliyomjia bila kuitwa ilikuwa ya Adamu. Ilimkaa sawasawa. Mdomo wenyewe haupo, utakosea wapi?

Katika sehemu ya kwanza yule mwanamke mzee anawanyooshea polisi kidole na kusema kwa kirefu, huku analia. Bakiri alimfanya alalamikie bei ya mchicha. Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma.

Flashi zikauzika kama maandazi ya asubuhi. Sauti ya Bakiri nayo ikaanza kupotea.

Ilianza kama mafua. Bushra akamchemshia tangawizi. Kisha siku moja, mchana kweupe, mumewe akamwita kutoka bafuni amletee taulo, na Bushra akasimama na taulo mkononi. Sauti ilikuwa ya shemeji yake.

"Bakiri, acha mchezo huo."

"Sichezi," ikajibu ileile sauti ya puani.

Tangu hapo, alipotaka kusema kwa sauti yake, alilazimika kuivuta kutoka mbali. Kila siku ilikuwa mbali zaidi. Alikwenda spaza, kiduka cha mtaani, kununua nyanya, na mwenye duka, aliyemfahamu marehemu, akamrudishia chenji bila kumtazama. Bakiri aliogopa sana, lakini aliogopa kama mwanamume: alinyamaza na kuendelea na kazi.

Jumamosi moja adhuhuri alikuwa nyuma ya duka la Évariste, anamalizia sehemu ya kabla ya mwisho. Umeme ukakatika. Zamu ya mgao ya mtaa wetu. Kompyuta ikazima. Taa za spika zikazima. Feni ikazunguka polepole, ikasimama.

"Eish," alisema Évariste.

Kipaza sauti kilikuwa mezani.

"Kaka," spika zikasema.

Évariste akautazama mdomo wa Bakiri. Ulikuwa umefungwa.

"Kaka. Ijumaa usijisumbue. Nitaitika mwenyewe."

Évariste alikimbilia barabarani, akaacha duka wazi, jambo ambalo Mkongo wa Hillbrow halifanyi. Aliporudi na watu, Bakiri alikuwa amekaa palepale. Kwenye vitambaa vya spika kulikuwa na vumbi laini la kijivu, nalo lilikuwa na joto.

Haikupita wiki Évariste akapata nakala nyingine ya tamthilia ile, hii ina maandishi ya Kiingereza chini. Akapanda nayo ghorofa zote sita. Wakaitazama sehemu ya kwanza, yeye, Bakiri na Bushra. Mwanamke mzee akawanyooshea polisi kidole, machozi yanamtoka. Bushra akasoma kwa kunong'ona.

"Msimpe sauti. Atakayempa hatarudishiwa."

Bakiri hakungoja Ijumaa. Alichukua simu palepale, akampigia mama yake. Maneno sasa alikuwa nayo.

"Mama, ni mimi, Bakiri."

Mama akacheka. "Adamu baba, utani wako hauishi."

"Mama, nisikilize. Adamu amekufa. Tulimzika zamani, tukakuficha. Nisamehe."

"Astaghfirullah. Maiti anapiga simu, mwanangu? Mpe kaka yako niseme naye."

"Ndiye mimi, mama."

Bushra akampokonya simu. "Mama, Bakiri yupo, mzima, amekaa hapa ubavuni mwangu. Wallahi."

"Basi aniitikie," alisema mama. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Akaita kama alivyowaita wanawe walipokuwa wakicheza mbali na nyumba. "Bakiri!"

Bakiri akafumbua mdomo. Mishipa ya shingo ikamtoka. Alivuta kutoka chini kabisa, na sisi majirani tuliovutwa mlangoni na kelele tulimwona anavyovuta.

"Labeka, mama."

Mama akasoma Inna lillahi. Kisha akasema taratibu, "Nayajua haya. Mtu akifa ugenini, mnatuambia yuko kazini, amelala, koo linamuuma. Na wewe Bushra unaniapia. Mnanificha, wanangu."

Akakata simu.

Ijumaa ile Tanga walimswalia Bakiri swala ya ghaibu, ya maiti aliye mbali. Wakakaa matanga, wakamsomea hitima, na yeye yuko Hillbrow, hai, anamlilia mama yake kwa sauti ya mdogo wake. Tulipiga simu sote, majirani, kila mtu na kiapo chake. Mama alitushukuru kwa kumfariji. Alifariki kabla ya arobaini, anamlilia mwana aliye hai na kumwombea umri mrefu aliyekufa.

Bakiri hajasema tena tangu siku hiyo. Sasa ni mlinzi wa jengo moja Joubert Park, na kwa kazi ile kichwa kinatosha, cha kukubali na cha kukataa.

Évariste alizikusanya flashi, akazichoma. Ila moja ilibaki saluni kwa Jeanne, msusi wa Kirundi, na ndani yake mlikuwa na sehemu ya mwisho, ambayo Bakiri hakuwahi kuiingizia sauti. Ni ya Kijapani tupu. Bwana Jivu amesimama kwenye mvua mbele ya nyumba. Mwanamke mzee anafungua dirisha, midomo yake inaita jina ambalo halisikiki. Na kutoka kwenye kinyago kile kisicho na mdomo inatoka sauti safi, nzito kidogo, isiyopita puani.

"Naam, mama."

Jeanne alimwita Bushra aje aisikie. Bushra alisimama kati ya wateja, ushungi kinywani, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kiti, akakaa, akaomba irudiwe.