Pua ya Muadhini

Sauda alikuwa akipima sukari dukani, lakini masikio yake yalikuwa msikitini. Upepo baridi wa Sumbawanga ulikuwa ukipuliza vumbi mpaka mlangoni. Adhana ya adhuhuri ilianza vizuri. Ilipofika "Hayya ala swala", sauti ikakwaruza, ikakatika. Mtaa mzima ukasikia kikohozi kwenye kipaza sauti.

"Dada, sukari inamwagika!" mteja akamshtua.

Muadhini huyo alikuwa Azizi, mume wa Sauda. Kazi hiyo aliachiwa na baba yake, Mzee Huseni, naye aliipenda kuliko duka. Sasa wazee wa msikiti walikuwa wamechoka. Walisema watamsikiliza tena Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Sauti isipotengemaa, ataadhini mtu mwingine. Tangu siku hiyo Sauda hakutulia. Akikaa anainuka, akiinuka anasahau alichoinukia.

Azizi alirudi dukani kichwa chini. Akatoa kichupa mfukoni, akatia matone puani, huku na huku.

"Baba Ummy, si umetia sasa hivi tu?"

"Imeziba tena. Ulitaka nipumulie masikio?"

Matone hayo aliyaanza alipopata mafua, mwezi wa Mei. Mafua yalipona, matone hayakuachwa. Kila akitia, pua ilifunguka kidogo, kisha ikaziba kuliko mwanzo. Alilala ameachama, akikoroma, akaamka koo limekauka kau.

"Twende zahanati," Sauda alisema. "Leo, si kesho."

Tabibu Cornelia alimmulika Azizi puani kwa tochi. Kisha akakiangalia kichupa.

"Umeanza lini?"

"Mei."

"Ala! Dawa hii ni ya siku chache tu, tatu hadi tano. Ukizidisha, nguvu yake ikiisha pua inavimba ndani. Unatia tena, inavimba tena. Dawa yenyewe ndiyo inayokuziba."

Sauda aliona aibu. Chupa nyingine alimnunulia yeye mwenyewe.

"Na sauti je, daktari?"

"Mama, pua ina kazi. Inachuja vumbi. Inapasha hewa joto na kuitia unyevu kabla haijafika kooni. Mdomo hauwezi kazi hiyo. Kwa baridi yetu hii, akilala mdomo wazi, koo linakauka. Sauti itatoka wapi?"

"Basi nitamfunga kitambaa mdomoni akilala!"

"Thubutu!" Cornelia aliruka. "Pua ikiziba, mdomo ndio unaomwokoa. Tufungue pua kwanza."

Akawaelekeza. Azizi aache kutia matone tundu la kushoto kwanza. Likizoea, aache na la kulia. Asafishe pua kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kidogo. Ikikataa kufunguka baada ya wiki mbili, au ikitoka damu, arudi.

Siku za kwanza zilikuwa balaa. Azizi alizunguka uani akinung'unika, akivutia hewa tundu moja. Kichupa alikishika Sauda.

"Tone moja tu upande huu, mke wangu."

"Upande huo umefungwa, kama ofisi Jumapili."

Sauda alitania, lakini kila siku alihesabu tarehe. Agosti ilikuwa inakuja.

Asubuhi moja Azizi akapiga kelele chumbani. "Mama Ummy! Inapita! Kushoto kunapita!" Baadaye na kulia kukafunguka. Kichupa kikatupwa. Azizi akaanza kulala amefunga mdomo mwenyewe, na makoromo yakapungua.

Ijumaa ikafika. Adhana ilipoanza, Sauda aliacha mizani, akashika meza kwa mikono miwili. "Hayya ala swala" ikapanda, ikanyooka, ikafika mwisho bila kukwaruza. Mteja kutoka Milepa akauliza ni nani anayeadhini.

"Mume wangu," Sauda akasema, machozi yakimtoka.

Baada ya swala Mzee Huseni akaingia dukani.

"Shikamoo, baba. Wazee wamesemaje?"

"Marahaba, mwanangu. Wamesema aendelee. Tena wanauliza, ametumia dawa gani?"

Sauda akacheka huku akijifuta macho. "Waambie ameacha dawa."