Chujio la Chumba cha Bibi

Jumamosi asubuhi, kabla mashine za seremala jirani hazijaanza kunguruma, kila mtu katika nyumba ile alikuwa ameshashika kazi yake. Baba alifua mashuka. Mama alikwenda sokoni. Shangazi, mdogo wake Baba, alipiga deki vyumba vyote, akianzia cha Bibi. Binti wa nyumba hiyo alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa kupenda kwake maneno alibandikwa jina la Chiriku. Yeye alikuwa na kazi moja ndogo: kila baada ya wiki mbili asafishe chujio la kiyoyozi cha chumbani kwa Bibi.

Kiyoyozi kile hakikuwa pambo. Bibi alikuwa na pumu, na vumbi la mbao kutoka kwa seremala lilizuia madirisha yasifunguliwe mchana. Msimu wa joto kilimpoza, msimu wa baridi kikampasha joto. Mama alikuwa amemwonyesha Chiriku hatua zote: azime kwanza swichi ya ukutani, apande stuli, afungue kifuniko, alivute chujio, alioshe kwa maji ya bomba, aliache likauke kivulini, ndipo alirudishe. Akimaliza, aweke alama ya vema kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango.

Mara tatu za kwanza alifanya kama alivyofundishwa. Mara ya nne wenzake walikuwa wanamwita nje kuruka kamba. Akaweka alama, akakimbia. Aliporudi alikuwa na wasiwasi kidogo, lakini alikuta kiyoyozi kinavuma kama kawaida na Bibi anasinzia. Hakuna aliyemuuliza kitu. Tangu siku hiyo kazi yake ikawa ya kalamu tu. Miezi mitano ikapita, alama zikapangana vizuri kwenye karatasi, na chujio halikuguswa na mtu.

Bibi akaanza kukohoa. Mwanzoni alisema ni mafua yanapita njia, lakini yale mafua yakaweka kambi. Daktari alimbadilishia dawa, kisha akataka kujua kama chumbani kwake kuna vumbi. Baba aliporudi nyumbani alimwambia Shangazi, kwa sauti ya chini lakini nzito, kwamba huenda deki ile ilikuwa inapigwa juu juu. Kuanzia kesho yake Shangazi akawa anapiga deki mara tatu kwa siku, anaingia hadi uvunguni mwa kitanda, mpaka magoti yakamvimba. Chiriku alimwonea huruma, akawa anamsaidia kubeba ndoo. Fikra ya chujio ilimjia mara moja, akaifukuza. Kitu chepesi vile kingemkohoza vipi mtu mzima?

Alhamisi moja yenye joto kali alirudi kutoka shuleni, akapitia kumsalimu Bibi. Akafungua mlango. Bibi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, midomo imebadilika rangi, kifua kinapiga mluzi. Kiyoyozi kilikuwa kinatoa hewa ya uvuguvugu yenye harufu ya uvundo, na maji yalikuwa yanachuruzika ukutani hadi kwenye mto. Chiriku alipiga kelele. Shangazi ndiye aliyetokea nyuma yake, akamkokota Bibi hadi sebuleni, akampulizia dawa, akaita gari.

Bibi alilazwa. Siku ya pili daktari alisema anaendelea vizuri, lakini asirudi kwenye chumba kile mpaka kilichomdhuru kijulikane. Mama akamwita fundi wa viyoyozi, mwanamke mwembamba ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Bisibisi. Fundi aliuliza nani anasafisha chujio. Mama, kwa fahari, akamwonyesha karatasi.

Mama Bisibisi alizisoma zile alama, akasema kwa utunzaji kama huo tatizo lazima liwe kwingine. Hata hivyo akapanda stuli, akafungua kifuniko.

Alichokivuta hakikufanana na chujio. Kilikuwa kama kipande cha blanketi kuukuu, rangi ya majivu, kinene kuliko kidole, na upande wa nyuma kimeota ukungu mweusi. Trei ya maji ilijaa utelezi, na bomba la kuyatolea nje lilikuwa limeziba kabisa.

"Vumbi nalo linajua haba na haba hujaza kibaba," fundi alisema, bila kucheka.

Mama aliitazama karatasi, akalitazama chujio, akarudi kwenye karatasi kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Chiriku ndiye aliyeshtuka kuliko wote. Alikuwa akiwazia vumbi la kufutika kwa kitambaa. Sasa alikiona alichokuwa anakivuta Bibi kila alipopumua.

"Mtoto labda alisahau," Shangazi akasema taratibu.

Maneno hayo ya upole ndiyo yaliyomchoma.

"Sikusahau, Shangazi," Chiriku alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nilikuwa naweka alama tu. Wewe umelaumiwa kwa kosa langu, na mimi nimenyamaza."

Baba akamgeukia dada yake, akamwomba radhi mbele ya wote.

Mama Bisibisi hakumfokea Chiriku. Alimpa brashi. Mchana ule waliosha chujio hadi likaonekana wavu, wakazibua bomba, wakaondoa majani na magunia yaliyorundikwa kwenye feni ya nje. Fundi alimweleza kwamba hewa ikikosa njia mashine hujitesa, mabomba yake ya ndani yaliyojipinda yakaganda barafu, kisha maji yakamwagika. Akamshauri Mama amwite fundi akague kabla ya kila msimu, asingoje kiharibike.

Bibi alirudi siku tatu baadaye. Chiriku alimweleza yote mwenyewe, bila kupunguza neno. 

"Mjukuu wangu," Bibi alisema, "kazi uliyoiacha ingeonekana mapema, tukaifanya sisi. Ila alama yako ilitufumba macho. Daktari aliibadilisha dawa, baba yako akamlaumu ndugu yake, mimi nikaendelea kulala chini ya uchafu, kwa sababu sote tulikuamini. Siku ukichoka, sema umechoka. Mtu atakusaidia. Lakini usiandike kamwe kwamba umefanya jambo ambalo mkono wako haukuligusa."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Kisha akaomba Bibi abaki sebuleni kwa muda, akaenda kuufuta ukungu uliobaki ukutani pale maji yalipochuruzika.