Tanuri la Pete Saba

Mimi ni mwalimu wa ngumbaru hapa Garissa. Wanafunzi wangu ni watu wazima, na darasa letu huanza saa kumi jioni. Kabla ya darasa mimi hununua mkate. Sitaki kuficha, mkate moto ni udhaifu wangu. Na mkate mzuri wa mtaa wetu hutoka kwa Khalif na mkewe Lul.

Khalif huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Anawasha kuni za mathenge. Mti huo unatusumbua sana, miiba yake inatoboa tairi za magari, lakini kuni zake zina moto wa haki. Lul anakanda unga. Hooyo Maka, mamake Khalif, anakaa mlangoni na tasbihi yake, akiwapanga wateja foleni. Ukiruka foleni utamjua vizuri.

Tanuri lao ni chumba kidogo cha matofali. Lina sakafu, kuta mbili, na juu yake tao, yaani paa lililopinda. Moto unawaka ndani mpaka sakafu na tao vishike joto. Kisha makaa yanasukumwa kando na mkate unaingia. Bila tao, joto lote lingepanda mbinguni na sisi tungekula unga mbichi.

Tao hilo ndilo lililoleta shida.

Wiki tatu kabla ya Ramadhani, Jumanne asubuhi, nilisikia kishindo. Nilitoka mbio na kandambili mguu mmoja. Vumbi lilikuwa linatoka kwenye mdomo wa tanuri. Khalif alisimama mbele yake, nyusi zimejaa majivu. Mikate arobaini ilikuwa imelala chini ya matofali.

"Umeumia?" Lul aliuliza.

"Sijaumia. Nimechoka," Khalif alisema. "Hii ni mara ya tatu mwaka huu. Nitalijenga mara moja tena. Likianguka, wallahi, tunafunga. Tunarudi Diff kwa ndugu yangu Yahye. Nitachunga ngamia. Ngamia hana paa la kuniangukia."

Lul aligeuka. Aliingia ndani, na mimi nilimwona akifuta macho kwa ncha ya shela yake. Nilimwelewa. Kwa miaka minane alikuwa amelijengea jina mkate wake. Jamaa za Khalif kule Diff ni watu wema, lakini wanahama na mifugo yao. Tanuri haliwezi kupakiwa juu ya ngamia.

Khalif alienda dukani kununua saruji. Lul naye alichukua simu. Kila wiki alikuwa akipeleka mkate kwenye chuo cha ufundi, na huko alimjua mwalimu wa ujenzi anayeitwa Bishara, mtu wa Tarbaj. Bishara ndiye aliyejenga upya tanuri la kuchomea matofali karibu na mto Tana. Lul alimwomba aje.

Kesho yake Bishara alifika, amevaa hijabu na buti za mpira, na nyundo mkononi.

"Asalaam aleikum, walaal," alimwambia Khalif, yaani ndugu.

"Waaleikum salaam." Khalif aliangalia nyuma yake. "Fundi yuko wapi?"

"Amefika."

Khalif alikohoa. "Fundi mwanamke?"

Hooyo Maka aliweka tasbihi chini. Hiyo ni ishara mbaya.

"Khalif, nyumba uliyozaliwa ilijengwa na nani?"

Khalif alikuna kichwa.

"Sema, mwalimu asikie."

"Na wewe, Hooyo."

"Na babako alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa ameshika ngamia."

"Basi na wewe shika ngamia. Mwache binti aangalie kazi."

Ndivyo ilivyo kwa wafugaji wetu. Aqal, ile nyumba ya miti iliyopindwa na kufunikwa mikeka, hujengwa na wanawake. Wao huisimamisha, huibomoa, huipakia na kuisimamisha tena mahali pengine. Mwanamume huzaliwa ndani yake, hulala ndani yake, na bado hajui fundo la kwanza liko wapi.

Bishara aliingiza kichwa ndani ya tanuri. Alifunga kitambaa puani kwa sababu ya vumbi, akamwagia matofali maji kidogo kabla ya kuyagusa. Kisha akaanza maswali.

"Ulishikanisha matofali na nini?"

"Saruji," Khalif alisema kwa fahari. "Kila likianguka naongeza saruji."

"Na ukitaka kusafisha ndani wakati lina joto?"

"Namwaga ndoo mbili za maji. Linapoa haraka."

Bishara alikaa chini kabisa. Nilidhani amezidiwa na jua.

"Walaal, una bahati kwamba halikukuangukia. Saruji ya nyumba haipendi moto. Inageuka unga. Halafu haya ni matofali ya ukuta. Yanavumilia mvua na jua, lakini moto wa kila siku unayamaliza. Nayo maji baridi juu ya tofali lenye joto yanalipasua. Hata glasi ya chai itapasuka ukiifanyia hivyo."

Alitoa tofali moja kwenye mfuko wake. Lilikuwa zito, rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Upande mmoja lilikuwa nene, upande wa pili jembamba.

"Hili ni tofali la moto. Limetengenezwa kwa udongo maalumu. Tutaagiza Nairobi, yaje na lori."

"Hili haliishi?" Khalif aliuliza.

"Linaisha. Kila kitu kinachokaa motoni huisha, hili linachelewa tu. Ndiyo maana tutajenga tao ambalo unaweza kulitoa tofali lililochoka na kuweka lingine. Tao lako la saruji lilikuwa kitu kimoja. Tofali moja likifa, yote yanalifuata kaburini."

Hooyo Maka alisogea karibu. "Kama aqal," alisema. "Ubavu mmoja ukivunjika, nafungua kamba, natoa ubavu, naweka mwingine. Mkeka ukioza, natoa mkeka. Sijawahi kubomoa nyumba nzima kwa sababu ya ubavu mmoja."

Bishara alimtazama kwa furaha. "Hooyo, umemaliza somo langu."

Kwa kijiti, alichora mchangani. Tao jipya lingekuwa na pete saba. Kila pete ni mstari wa matofali unaopanda kutoka ukuta mmoja, kupinda juu, na kushuka ukuta wa pili. Pete zinasimama bega kwa bega, lakini hazishikani. Kila moja inajibeba. Matofali yana upande mnene juu na upande mwembamba chini, kwa hiyo yanabanana yenyewe. La mwisho linaingia katikati, juu kabisa, na ndilo linalokaza pete yote. Katikati ya matofali unapakwa udongo maalumu unaovumilia moto, mwembamba kama samli juu ya anjera. Saruji haiingii hata kijiko kimoja.

"Na hizi kuta?" Hooyo Maka aliuliza. "Mbavu za aqal zinataka kutanuka. Sisi tunazifunga."

"Tao nalo linasukuma kuta nje. Tutafunga vyuma viwili vinavyovuka kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya tao, mbali na moto."

Matofali yalifika baada ya siku nne. Ili kupanga pete, ilibidi kuwe na kiunzi cha kuyashikilia chini mpaka tofali la katikati liingie. Bishara alitaka kwenda kwa seremala. Hooyo Maka alikataa. Aliagiza matawi mabichi, akayapasha moto, akayapinda na kuyafunga mawilimawili. Juu yake akapanga fito. Kwa nusu siku alikuwa na kiunzi, na Bishara alikikalia kuona kama kitavunjika. Hakikulia hata kidogo.

Khalif alikanda udongo. Wapita njia hawakumwacha. "Khalif, siku hizi unajenga aqal? Ukimaliza uje kwangu, mke wangu amechoka." Yeye aliinamisha kichwa na kuendelea kukanda, masikio yamewiva.

Pete saba zilisimama kwa siku mbili. Kati ya pete na pete Bishara aliacha nafasi ndogo, unene wa sarafu. Khalif aliziangalia nafasi hizo kama mtu anayeangalia jino lililong'oka. Hakuweza kuvumilia. Wanawake walipoenda kuswali adhuhuri, yeye aliswali haraka, akakoroga saruji iliyobaki, akaanza kuziba.

Walimkuta amefika pete ya pili.

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," alisema Hooyo Maka, "na wewe hata Ramadhani hujaifikia."

"Hooyo, kuna nyufa! Usipoziba ufa utajenga ukuta. Si ndivyo mnavyosema shuleni, mwalimu?"

Nilitazama kando. Methali ilikuwa kweli, ila tanuri halikuisoma.

Lul ndiye aliyejibu. Hakuwa amesema mengi siku zote hizo. Alichukua sufuria, akaishika mbele ya mumewe.

"Nikijaza unga hapa mpaka juu, ukiumuka utaenda wapi?"

"Utamwagika."

"Nikifunga kifuniko kwa nguvu?"

"Utakisukuma."

"Hebu yaulize hayo matofali."

Bishara alitikisa kichwa kukubali. "Tofali likipata joto linavimba kidogo. Likipoa linarudi. Lisipopata nafasi, linasukumana na mwenzake mpaka moja lipasuke. Na ukiziba kwa saruji, utatoaje pete moja bila kuvunja ya pili?"

Khalif alishika kijiti, akaanza kukwangua saruji yake kabla haijakauka. Alikwangua mpaka alasiri. Nafasi zile zikajazwa udongo mkavu uliochekechwa, ambao unazuia moto kutoroka lakini hauzuii tofali kuvimba. Juu ya tao wakamwaga mchanga na majivu ya kuhifadhi joto. Vitu hivyo vinafagiliwa tu, siku pete ikitaka kutolewa.

Kiunzi kilitolewa. Sote tulishika pumzi. Tao lilibaki juu.

"Sasa polepole," Bishara alionya. "Siku ya kwanza, moto wa kuchemsha chai. Kesho kidogo zaidi. Siku ya tano ndipo mwashe moto wa mkate. Maji yaliyo ndani ya udongo yatoke taratibu, yasitoke kwa kishindo."

Khalif alilinda moto ule mdogo kama mtoto mgonjwa. Siku ya kwanza ya Ramadhani, mkate wa kwanza ulitoka, mwekundu chini na juu. Mtaa mzima ulifuturu nao. Mimi nilikula miwili, Mungu anisamehe.

Siku ya kumi na sita ya Ramadhani, Alhamisi, Lul alikuwa anatoa mkate wa mwisho. Vipande vya tofali vilidondoka sakafuni. Alimulika tochi. Katika pete ya nne, juu ya mahali moto unapowaka zaidi, matofali mawili yalikuwa yamepasuka. Ndiyo pete iliyokuwa ikipigwa na moto mkubwa kila siku.

Khalif alikaa juu ya gunia la unga. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Nilisema likianguka tena," alianza.

"Halijaanguka," Lul alisema. Alisimama palepale. "Pete moja imechoka. Sita zinasimama. Naomba siku mbili tu, Khalif. Ukiona haifai, nitapakia vyombo mwenyewe."

Kijana mmoja mteja alikuja mbio na ndoo ya maji, ili tanuri lipoe haraka. Khalif aliinuka na kuishika ndoo ile kwa mikono miwili.

"Hapana maji," alisema. "Litapoa lenyewe."

Wakatoa makaa, wakaacha mdomo wazi usiku kucha. Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda msikitini, walifagia mchanga na majivu juu ya pete ya nne. Khalif alilala kifudifudi, akaingiza kiunzi cha mamake chini ya pete. Bishara hakuwepo, alikuwa amesafiri kwao Tarbaj.

"Hooyo," Khalif aliita kutoka ndani, "nianze na lipi?"

Hooyo Maka alipiga magoti kwenye mdomo wa tanuri. "La katikati, juu. Ligonge kutoka chini taratibu, kati ya fito. Lul, pokea huko juu."

Tofali la katikati lilitoka. Mengine yakafuata, moja moja. Pete ya tatu na ya tano hazikutikisika. Waliondoa mawili mabovu, wakaweka mawili mapya waliyokuwa wameyahifadhi, wakapanga pete upya na udongo mwembamba. Kazi iliisha kabla ya saa tano. Jioni wakawasha moto wa chai; udongo mbichi ulikuwa wa pete moja tu, haukuhitaji siku tano. Jumamosi mchana wakauongeza kidogo kidogo, na saa kumi na moja jioni mkate ukaingia.

Zamani tao lilikula siku kumi za kazi. Safari hii tulikosa mkate siku moja tu, Ijumaa.

Mkate ulipokuwa ndani, simu ya Khalif ililia. Alikuwa na unga mikononi, akaipokea kwa spika. Ilikuwa ni Yahye, ndugu yake, kutoka Diff.

"Nimesikia tanuri lako limevunjika tena," Yahye alisema. "Nina lori linalokuja Garissa kesho. Lipakie vyombo?"

Lul aliacha kukanda.

"Matofali mawili yalivunjika," Khalif alisema. "Tumeyabadilisha."

"Nani ameyabadilisha? Umepata fundi kutoka Nairobi?"

Khalif alimtazama mamake, kisha mkewe.

"Hooyo na Lul. Mimi niliwashikia tochi."

Yahye alicheka kwa muda mrefu huko Diff. "Basi unakuja au huji?"

"Siwezi, walaal. Nina mkate motoni."

Lul aligeukia ukuta, akalia kwa furaha bila kujificha. Kisha akageuka, akamwambia mumewe akate simu, kwa sababu mkate wa safu ya nyuma ulikuwa tayari na watu wanne walikuwa mlangoni. Mimi nilikuwa wa pili, na sikuruka foleni.